Siku kumi na moja bila usingizi

Wazee husema kwamba usingizi ni ndugu yake kifo. Walimtazama mtu aliyelala, macho yamefumba, masikio hayasikii, mikono imelegea, wakaona mfano wa maiti. Neno lao lina haki yake. Lakini wenye elimu, ambao wamelichunguza jambo hili kwa muda wa miaka zaidi ya 100, wameona kwamba aliye karibu zaidi na kifo ni yule aliyenyimwa usingizi. Mtu mwenye afya aweza kukaa bila chakula kwa wiki kadhaa, naye akaishi. Akikesha siku 3 au 4 mfululizo, akili yake huanza kumponyoka.

Tena katika jambo hili mna ajabu moja, nayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza leo, wasomaji wapenzi. Mwenye njaa anajua kwamba ana njaa. Mwenye kiu anajua kwamba ana kiu. Aliyevunjika mguu hangoji kuambiwa. Lakini mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu hajui amepungukiwa kiasi gani. Kile anachonyang'anywa kwanza ni ile akili ambayo ingemwambia kwamba amenyang'anywa. Ndiyo sababu husema, «Mimi sijambo, naweza kuendelea», saa ile ile anapokaribia kuanguka. Someni habari za watu wawili waliojaribu kuushinda usingizi, kisha tutaona habari hizo zinatuhusu namna gani sisi na jamaa zetu.

Mtangazaji katika chumba cha vioo

Mwezi wa Januari 1959, mtangazaji mmoja wa redio katika mji wa New York, jina lake Peter Tripp, aliahidi kukaa macho muda wa saa 200 ili kukusanya fedha kwa kazi ya huruma. Wakamwekea chumba cha vioo katika uwanja wa Times Square, mahali wanapopita watu wengi sana, ili kila mtu aweze kumwona. Madaktari na wataalamu wa akili wakawa pamoja naye, wakimpima na kumwuliza maswali.

Mwanzoni alicheka na kuzungumza na wapita njia. Siku zilipozidi, maruweruwe yakamjia. Akaona utando wa buibui katika viatu vyake. Akafungua droo ya meza akadhani mna moto unawaka ndani. Siku ya mwisho alipokuja daktari mmoja kumpima, amevaa nguo nyeusi, Tripp alimwona kuwa mtu wa mazishi aliyekuja kumzika angali hai. Akaruka kitandani, akakimbia.

Lakini angalieni jambo hili: kila siku, saa ya kipindi chake ilipofika, mtu huyo huyo aliketi mbele ya chombo akatangaza, akapiga sahani za muziki, akazungumza na wasikilizaji kwa sauti yao waliyoizoea. Aliyemsikiliza nyumbani kwake hakuweza kujua kwamba mtangazaji wake anaona buibui viatuni. Ulimi ulishika kazi yake kwa mazoea, na nyuma yake akili ilikuwa imekwisha tanga.

Tripp alifikisha saa 201. Kisha akalala saa 13, akaamka, maruweruwe yameondoka. Hata hivyo, kwa kuwa katika saa za mwisho madaktari walimpa dawa za kumzuia asilale, haikuwa wazi kama maruweruwe yale yalitokana na kukesha tu, au dawa nazo zilichangia.

Kijana wa San Diego

Jibu lilipatikana miaka 5 baadaye, nalo lilitoka kwa mwanafunzi wa miaka 17. Randy Gardner alikuwa kijana wa shule katika mji wa San Diego, jimbo la California, huko Marekani. Yeye na rafiki zake walitafuta jambo la kuonyesha katika maonyesho ya sayansi ya wanafunzi. Wakasema: na tuone mtu asipolala atapatwa na nini. Mtangazaji mmoja wa redio huko Honolulu alikuwa amefikisha saa 260 bila kulala. Vijana wakakusudia kumpita.

Randy aliamka asubuhi na mapema tarehe 28 Desemba 1963, wala hakulala tena hata tarehe 8 Januari 1964. Muda wote ni saa 264, yaani siku 11. Hakumeza dawa ya kumtia macho. Rafiki zake walimlinda usiku na mchana, wakimwamsha kila alipotaka kufumba, wakimtembeza, wakicheza naye mpira. Lakini walinzi nao ni watu. Mmoja wao alisimulia baadaye kwamba baada ya kukesha pamoja na Randy usiku 3 alijikuta ameegemea ukuta, kalamu mkononi, anaandika habari za uchunguzi juu ya ukuta wenyewe badala ya karatasi! Ikawabidi kumwita rafiki mwingine wapate kupokezana.

Habari zilipoenea, wakubwa wakaja. Mmoja alikuwa William Dement wa Chuo Kikuu cha Stanford, mtaalamu wa mambo ya usingizi. Mwingine alikuwa John Ross, daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani. Huyu Ross ndiye aliyeandika kwa utaratibu yaliyompata kijana siku baada ya siku.

Siku ya pili macho ya Randy yalianza kumsumbua. Hakuweza kuyakaza juu ya kitu kimoja, hata akaacha kutazama televisheni. Alipopewa kitu mkononi akitambue kwa kukigusa tu, ilikuwa taabu. Siku ya tatu moyo wake uligeukageuka, mara ana furaha, mara ana uchungu, na mwendo wake haukuwa imara. Siku ya nne alikuwa mkali, hakutaka kuambiwa, akasahau mambo. Aliona kibao cha njiani akadhani ni mtu. Kisha, ingawa ni kijana mwembamba, akajiona kuwa yeye ni mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani. Siku ya tano, akiwa ndani ya nyumba, aliona njia inatoka chumbani na kwenda kupita katika msitu mtulivu.

Tangu siku ya sita maneno yalizidi kumwia mazito, na vitu vya kila siku aliviona lakini majina yake yalimtoroka. Siku ya tisa alianza sentensi asiimalize. Siku ya kumi alimshuku mtangazaji mmoja wa redio, akisema anataka kumfanya aonekane mjinga. Siku ya kumi na moja uso wake ulikuwa kama kinyago, hauonyeshi furaha wala huzuni. Sauti yake haikupanda wala kushuka, na ilibidi kumsukuma ili aseme neno. Wakamwambia ahesabu: toa 7 katika 100, kisha toa 7 tena, uendelee hivyo. Akaenda vizuri hata kufika 65, akanyamaza. Wakamwuliza, mbona umenyamaza? Akajibu kwamba amesahau alikuwa akifanya nini.

Hata hivyo, katika usiku wa mwisho, Dement alicheza naye mchezo wa mashine katika nyumba ya michezo, na kijana akamshinda. Aliyemwona wakati ule angeweza kusema: huyu hana neno! Mikono yake ilikuwa na nguvu bado, lakini kuhesabu mpaka mwisho hakuweza. Kwa hiyo mtu asidanganyike akiona mwenzake anatembea na kucheka, akadhani yu mzima.

Kisha Randy alipelekwa katika hospitali ya wanamaji, akalala usingizi mmoja wa karibu saa 15. Siku chache baadaye alikuwa amerudia desturi yake. Alipozeeka alisimulia kwamba alipatwa na taabu kubwa ya kukosa usingizi kwa muda wa miaka, naye mwenyewe aliona kuwa ni malipo ya ujana wake. Lakini hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Wale wenye kutunza kitabu cha rekodi za Guinness wameacha kupokea mashindano ya namna hii, kwa sababu ya hatari yake. Basi kijana yeyote asomaye habari hii asijaribu kumfuata Randy.

Nini hutendeka ndani ya kichwa?

Tangu mtu aamkapo, kuna kitu kiitwacho adenosini ambacho huzidi kujikusanya katika ubongo, kama majivu yanavyozidi jikoni kadiri moto unavyowaka. Kikiwa kingi, usingizi humlemea mtu. Akilala, majivu huzolewa, na asubuhi jiko ni safi. Kahawa na chai haziyazoi majivu hayo. Zina kitu kinachoziba mahali pale ambapo adenosini ingegusa ubongo na kutoa habari ya uchovu. Mzigo unabaki pale pale, ila habari zake hazifiki. Nguvu ya kahawa ikiisha, mzigo wote huanguka mara moja.

Tena kuna saa ya mwili, nayo imo ubongoni, hufuata mwanga wa mchana na giza la usiku. Saa hiyo humsukuma mtu kulala usiku na kumwamsha mchana, awe amelala au hakulala. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Aliyekesha huona taabu kubwa kuanzia usiku wa manane hata alfajiri, lakini jua likichomoza hujisikia nafuu, akasema, «Usingizi umekwisha.» Haukwisha! Ni saa ya mwili tu iliyompa msukumo wa asubuhi. Deni la usiku liko vile vile.

Deni hilo likiwa kubwa, ubongo hujilipa wenyewe bila kuomba ruhusa. Mtu husinzia kwa muda wa kufumba na kufumbua, nukta 2, 3 au 5, pengine macho yake yakiwa wazi. Hajui kwamba amelala, wala hakumbuki. Aliyeketi nyumbani hana hasara, atadondosha kitabu tu. Lakini fikirini dereva wa lori anayekwenda kilometa 80 kwa saa. Katika nukta moja gari lake hupita meta 22. Akisinzia nukta 4, lori limekwenda karibu meta 90 bila dereva. Katika meta 90 mnaweza kuwamo kona, daraja, na watoto watokao shuleni.

Na hasira je? Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani waliwapima vijana waliokesha, wakawaonyesha picha za kutisha na kuchukiza. Ile sehemu ya ubongo inayowasha hofu na hasira iliwaka zaidi kwa kadiri ya asilimia 60 kuliko kwa wale waliolala. Pia kamba inayoiunganisha na sehemu ya mbele ya ubongo, ambako mtu hupima mambo kwa busara, ilikuwa imelegea. Ni ugomvi mangapi katika nyumba zetu uliozaliwa kwa usiku mbaya, kumbe kila mmoja adhani mwenzake amebadilika tabia!

Mwili nao hudai haki yake

Je, kukosa usingizi kwaweza kuua? Huko Urusi mwaka 1894, mwanamke mmoja mwenye elimu, Maria Manasseina, aliwazuia watoto wa mbwa wasilale. Wakafa baada ya siku chache, ingawa walilishwa. Karibu miaka 90 baadaye, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Allan Rechtschaffen na wenzake waliweka panya juu ya sahani iliyo juu ya maji. Kila panya alipoanza kulala, sahani ilizunguka, ikambidi kutembea asianguke majini. Panya hao walikula zaidi ya kawaida, lakini wakakonda. Wakatoka vidonda katika ngozi, na joto la miili yao likapungua. Wote waliokatazwa usingizi kabisa walikufa baada ya siku 11 hata 32. Lakini wengine walioruhusiwa kulala wakiwa karibu na kufa, walipona.

Kwa wanadamu hakuna aliyejaribiwa hata kufa, wala haifai. Uko ugonjwa wa nadra sana, uliotangazwa na waganga wa Bologna, Italia, mwaka 1986, ambao hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto katika koo chache. Mgonjwa hupoteza usingizi kidogo kidogo hata usimjie tena, na baada ya miezi kadhaa hufa. Walakini kinachomwua ni kuharibika kwa ubongo wenyewe, si kukesha peke yake. Mwenye taabu ya kawaida ya usingizi asiogope kwamba ana ugonjwa huo.

Mwili hautungoji tufike huko ndipo ulalamike. Mwaka 1999, huko Chicago, vijana 11 wenye afya walilazwa saa 4 tu kila usiku kwa muda wa usiku 6. Wiki haijaisha, miili yao ilishindwa kuitumia sukari ya damu kama ipasavyo, ikaanza kufanana na miili ya watu wanaoelekea ugonjwa wa kisukari. Mwaka 2009 wataalamu wengine wa Marekani waliwatia watu 153 wenye afya virusi vya mafua puani kwa matone. Wale waliozoea kulala chini ya saa 7 walipata mafua karibu mara 3 kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Ndiyo kusema, askari wa mwili wanaopigana na magonjwa wanahitaji usiku kama sisi tunavyouhitaji.

Kwa watoto jambo ni kubwa zaidi. Ile homoni inayowakuza hutoka kwa wingi wanapokuwa katika usingizi mzito. Na masomo waliyosikia mchana hupata mizizi wanapolala usiku. Mwanafunzi anayekesha mkesha wa mtihani, akisoma kwa taa hata alfajiri, ni kama mkulima anayepanda mbegu na kukataa kuzifukia.

Kulala nusu kila siku

Pengine msomaji atasema: «Mimi sikai siku 11 macho. Nalala saa 4 au 5 kila usiku, nami nimezoea.» Neno hilo «nimezoea» limepimwa. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu wazima wenye afya waligawanywa: wengine walilala saa 8, wengine 6, wengine 4, kila usiku kwa muda wa siku 14. Kila siku walipewa kazi ndogo za kupima wepesi wa akili. Waliolala saa 8 hawakuwa na neno. Wale wa saa 6 na wa saa 4 walizidi kukosea kila siku, hata wakafanana na watu waliokesha usiku mmoja au 2 mfululizo.

Na walipoulizwa, mwajionaje? Siku za kwanza walisema wana usingizi. Baadaye walijibu kwamba wamezoea, hawazidi kuchoka. Akili zao ziliendelea kushuka kila siku, lakini wao hawakuziona zikishuka. Ni kama mtu aliye katika mtumbwi unaovuja polepole: kwa kuwa maji hupanda kidogo kidogo, huona ni ya jana.

Wataalamu wa Australia walipima jambo hili kwa namna nyingine mwaka 1997. Waliwalinganisha waliokesha na walevi. Wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, ni kama mwenye asilimia 0.10. Katika nchi nyingi mwenye kiasi hicho cha pili akishikwa anaendesha gari, hupelekwa mbele ya hakimu. Mlevi huonekana kwa harufu yake. Aliyekesha hana harufu, na pengine watu humsifu kuwa ni mchapa kazi.

Makosa yake hulipwa na wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989, meli kubwa Exxon Valdez ilipanda mwamba katika pwani ya Alaska, ikamwaga karibu lita milioni 40 za mafuta baharini. Tume ya serikali ya Marekani ilitaja uchovu wa ofisa aliyekuwa akiiongoza kuwa mojawapo ya sababu. Na mwaka 2004, katika hospitali moja ya Boston, ilionekana kwamba madaktari vijana waliopangiwa zamu za saa 24 au zaidi walifanya makosa makubwa zaidi kwa asilimia 36 kuliko walipopunguziwa zamu. Walikuwa watu wa bidii, wenye elimu na moyo mwema, lakini bidii haiwezi kushika mahali pa usingizi.

Wanaotumia usingizi kama silaha

Watesaji walilijua jambo hili zamani. Katika Ulaya, wanawake walioshtakiwa uchawi walikeshezwa usiku mwingi hata wakakiri mambo yasiyowezekana. Katika karne ya 20, polisi wa siri wa nchi kadhaa waliwahoji wafungwa wakipokezana, mfungwa peke yake asipate hata lepe la usingizi. Mwaka 1978 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Uingereza kwa namna 5 ilizotumia kuwahoji watu huko Ireland ya Kaskazini mwaka 1971. Mojawapo ilikuwa kuwanyima usingizi. Mahakama ilisema ni kuwatendea watu kinyume cha utu na kuwadhalilisha.

Mambo hayo ni maovu, tena hayaleti ukweli. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walichapisha jaribio hili: wanafunzi waliagizwa wasibonyeze kitufe fulani cha kompyuta, kisha wakaletewa karatasi inayosema kwamba walikibonyeza, nao hawakukibonyeza. Kati ya waliolala, asilimia 18 walitia sahihi. Kati ya waliokesha usiku mmoja tu, nusu yao walitia sahihi! Hakuna aliyewapiga wala kuwatisha. Basi mtu aliyekesha asitie sahihi karatasi ya deni, wala ya kuuza shamba, wala ya mashtaka. Na aseme kwa upole: «Nitarudi kesho, nikiisha kulala.»

Basi tufanye nini?

Kwanza, tujue kipimo. Wataalamu hushauri mtu mzima apate saa 7 au zaidi kila usiku. Vijana wa miaka 13 hata 18 wahitaji saa 8 hata 10. Watoto wa miaka 6 hata 12, saa 9 hata 12. Wadogo wa miaka 3 hata 5, saa 10 hata 13, tukihesabu pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto anayesinzia darasani asiitwe mvivu kabla mzazi hajauliza alilala saa ngapi.

Pili, tusiudharau usingizi wa wenzetu. Mlinzi wa usiku anaporudi nyumbani asubuhi, usiku wake umeanza. Watoto wapelekwe kucheza mbali, redio ipunguzwe. Mama aliyejifungua huamshwa na mtoto mara nyingi kila usiku, na mchana kazi zinamngoja. Baba wa nyumba, shangazi, bibi, na wampokee mtoto hata saa 2 tu mchana, alale. Akilia bila sababu, akikasirika, akisahau chungu jikoni, tusiseme amekuwa mke mbaya. Akizidi kuhuzunika, apelekwe kwa daktari.

Tatu, tujihadhari na safari baada ya mikesha. Katika matanga, jamaa hukaa usiku mmoja, mbili, tatu pamoja na wafiwa, na ni desturi njema ya upendo. Lakini hatari huja asubuhi, gari likijaa watu na dereva wake akiwa amekesha nao. Afadhali jamaa wachague mapema mtu mmoja atakayelala kwa ajili ya wote, ili awarudishe salama. Dereva akianza kupiga miayo, akipita kijiji asikumbuke amekipita, akigusa ukingo wa barabara, asimame mahali pa usalama. Kufungua dirisha, kuimba, kunawa uso, vyote husaidia kitambo kidogo tu. Dawa ni kulala. Hata dakika 20 zaweza kumfikisha mahali pa kupumzika vema.

Nne, mwenye kutafuta usingizi bila kuupata, wiki baada ya wiki, asinywe vidonge alivyopewa na jirani, wala asijitie pombe. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humvunjia usingizi wake usiku. Na amwone mganga wa hospitali. Pengine ana maumivu, au huzuni, au pumzi yake hukatika anapolala, na mambo hayo yana matibabu.

La mwisho ni lile tulilolianza. Kwa kuwa aliyekesha hawezi kujihukumu, mwenzake na awe hakimu wake. Mke akimwambia mumewe, «Baba fulani, leo usiendeshe», mume asijibu kwamba anajisikia vizuri. Kujisikia kwake si ushahidi. Hata Tripp aliketi akatangaza, na Randy akashinda mchezo. Mdogo akimwambia mkubwa wake kazini, «Mzee, umekaa macho tangu jana», mkubwa asione amevunjiwa heshima. Katika jambo hili mwenye macho ni yule aliyelala. Ampe mwenziwe mkeka, amwondolee funguo za gari, amwambie: lala, tutazungumza kesho.